Taadhima si Kununa



Nikianza kwa kusema "kwa heshima na taadhima", hakuna atakayeinua kichwa hapa Zombe, Ukambani. Mmeyasikia maneno hayo kwa mshereheshaji wa kila harambee na kila mazishi: hutangulia jina la mbunge, kisha la mwakilishi wadi, kisha la mwenye duka aliyetoa hema. Heshima na taadhima zimefanywa pacha, na kamusi zetu hazijasaidia, maana nyingi hueleza taadhima kwa neno heshima na kuishia hapo. Leo nataka kuwatenganisha pacha hao.

Heshima mtu huwa nayo. Twasema fulani ana heshima zake, fulani kavunjiwa heshima. Taadhima haimilikiwi hivyo, na ni nadra kusikia kwamba mtu "ana taadhima zake". Neno hili hupenda kutanguliwa na "kwa": alisimama kwa taadhima, jeneza lilishushwa kwa taadhima. Linataja namna jambo linavyotendwa. Mzizi wake ni wa Kiarabu, ule ule uliotupa adhimu, adhimisha na maadhimisho, nao hubeba maana ya ukubwa. Kwa hiyo mimi naisoma taadhima kama kazi ya kukikuza kitu mbele za watu, hata kama kitu chenyewe hakikuzaliwa kikubwa.

Ushahidi mzuri unatoka kwa jirani zetu wa mashariki, huko Tana River. Mwaka 1963, Kenya ilipokuwa ikijiandaa kwa uhuru, jopo la wanamuziki watano, akiwemo Graham Hyslop, Washington Omondi na George Senoga-Zake, lilipewa kazi ya kutunga wimbo wa taifa. Sauti waliyoichukua ilikuwa ya Wapokomo, wimbo wa mama kumbembelezea mtoto. Hebu fikirini: wimbo wa kumlaza mtoto ndio leo unaomsimamisha jenerali! Wataalamu waliupa maneno mapya na kuupangia sauti, lakini uzito wake tumeuleta sisi, kwa miguu na mikono yetu. Bendera ikipandishwa asubuhi kwenye kituo cha polisi, mwenye bodaboda huzima pikipiki, mwenye kofia huivua, mama mwenye ndoo ya maji kichwani husimama nayo. Taadhima ndiyo hiyo. Haimo katika noti za muziki.

Wapo watakaosema taadhima ni uso mkavu na sauti nzito. Kalenda ya Kanisa Katoliki inawakanusha. Kwa Kiswahili, siku zake zimepangwa kwa ngazi: kumbukumbu, sikukuu, na juu kabisa sherehe. Pasaka ni sherehe; Kupalizwa Mbinguni Bikira Maria, tarehe 15 Agosti, ni sherehe. Mtume Tomaso, tarehe 3 Julai, ana sikukuu tu. Krismasi, ambayo sisi sote huitakiana "heri ya sikukuu", padre anayo kwenye kalenda kama sherehe. Neno ambalo kijana wa Nairobi hulitumia kwa muziki na chupa ndilo Kanisa hulitumia kutajia siku zake nzito kuliko zote, na sioni kosa kwa upande wowote. Ngoma na kayamba havipunguzi chochote, mradi kila mtu anajua kinachokuzwa ni nini.

Lakini Ukambani tuna mfano mkali zaidi, na najua wengine hapa hawapendi utajwe hadharani: kithitu, kifaa cha kuapia. Gerhard Lindblom, Mswidi aliyeishi miongoni mwa Akamba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, alikieleza kiapo hiki kwa kirefu katika kitabu alichokitoa Uppsala mwaka 1916. Kithitu hakikuwekwa nyumbani. Kilifichwa mbali na watu na mifugo, kwa sababu kilihofiwa hata kikiwa kimetulia. Mwenye kuapa alikipiga kwa kijiti huku akitamka maneno yake mbele ya wazee, na akisema uongo, laana haikuishia kwake. Iliwafuata jamaa zake. Hakuna aliyefanya haraka. Watu waliokuwa wakigombea shamba au ng'ombe kwa miaka walifika mbele ya kithitu na ghafla mmoja akakumbuka ukweli.

Sheria ya viapo ya Kenya, Sura ya 15, inaonyesha kwamba walioiandika walilielewa jambo hili. Katika kesi ya madai, inairuhusu mahakama kukubali kiapo kwa namna inayowafunga watu wa jamii ya anayeapa, ilimradi hakivunji haki wala adabu, na hakimgusi mtu wa tatu. Sharti hilo la mwisho, nionavyo, linakibana kithitu barabara, kwa kuwa ukoo mzima ni mtu wa tatu. Hata hivyo, sheria ilikiri kwamba kitabu kilekile cha kuapia hakiwafungi watu wote sawasawa. Mahakamani nimemsikia karani akimwapisha shahidi kwa pumzi moja, macho yakiwa kwenye faili la kesi inayofuata, na shahidi akaitika kabla maneno hayajaisha. Mkono ulikuwa juu, Biblia ilikuwepo, na maneno yote yalitamkwa. Wakili wa upande wa pili, kama angekuwa na akili, angeanza maswali yake hapo hapo.