Mlango wa Gari Usifungwe kwa Kamba

(Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia)



Siku hizi vikundi vyetu vingi vina gari. Wengine wana pikapu ya kupeleka maziwa na mboga sokoni, wengine wamenunua Probox kwa mkopo wa chama. Asubuhi gari hilo linabeba kabeji, usiku linaamshwa kumpeleka mama mjamzito hospitali. Ni mali ya watu wengi, na mara nyingi nikilizunguka naona mlango mmoja umefungwa kwa kamba ya katani au kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Nikiuliza, naambiwa kitasa kiliharibika, kitatengenezwa pesa zikipatikana. Basi leo tuongee juu ya mlango huo.

Kwanza tuelewe kitasa chenyewe. Kwenye fremu ya gari kuna chuma kilichopindwa kama herufi U. Tukiite pete. Ndani ya ukingo wa mlango kuna kitasa, na ndani ya kitasa kuna chuma kinachozunguka, ambacho tutakiita ukucha. Ukifunga mlango, ukucha unaikumbatia pete kwa hatua mbili. Ukisikiliza vizuri utasikia “ka-ka”. Hatua ya kwanza ni ya akiba tu: mlango umeshika lakini bado unacheza. Hatua ya pili ndiyo kufunga kabisa. Kanuni za usalama za Marekani zinataka kitasa kilichofika hatua ya pili kihimili nguvu ya karibu kilo 900 inayousukuma mlango nje. Hiyo ni sawa na magunia 10 ya mahindi, yale ya kilo 90. Kikiishia hatua ya kwanza, kinadaiwa nusu yake tu, magunia 5. Sasa niambieni, ile tyubu ya baiskeli inahimili magunia mangapi?

Na hatari ya kamba si ya kufunguka tu. Mtoto akiegemea mlango huo gari likikata kona, anaweza kutoka nje. Lakini pia gari likipinduka au likiingia mtoni wakati wa mvua, kamba iliyofungwa vizuri sana inawafungia watu ndani. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari liwe katika hali nzuri kila linapokuwa barabarani, na afisa akiona kamba ana haki ya kuuliza. Hilo la afisa mimi naliweka nyuma. La mtoto ndilo la mbele.

Haya, kabla ya kununua kitasa kipya, chunguzeni. Pesa nyingi za vikundi hupotea kwa kubadilisha kitu ambacho hakikuharibika. Ikiwa ni mlango wa nyuma, na unafunguka kwa nje lakini kwa ndani unakataa, tazameni ukingo wa mlango karibu na kitasa. Kuna kijiti kidogo cha kuzuia watoto wasijifungulie. Pengine mtu alikisogeza wakati wa kuosha gari! Kirudisheni, kazi imekwisha.

Ikiwa mlango hausikiki kufunga, ufungueni nusu, mshike ncha yake na kuuinua. Ukipanda na kushuka, bawaba zimelika, na kitasa kipya hakitasaidia. Ikiwa bawaba ni nzima, angalieni pete: huenda skrubu zake zimelegea ikashuka kidogo. Izungushieni alama ya penseli kabla ya kulegeza, ili mjue ilikuwa wapi, kisha isogezeni kidogo tu na kukaza sana. Na kama kitasa ni kizito, oneni vumbi. Barabara zetu mnazijua. Vumbi likichanganyika na grisi kuukuu linakuwa kama saruji. Kioshe kwa mafuta ya taa na brashi, mbali na moto, kikauke, halafu kipakeni grisi mpya kidogo. Tundu la ufunguo lisipakwe grisi kamwe, kwa sababu inanasa vumbi. Saga risasi ya penseli iwe unga, upake ufunguo, uuingize na kuutoa mara kadhaa.

Mkifanya hayo yote na ukucha bado haushiki, au unashika na kuachia, basi kitasa kimekufa. Tukifungue.

Pandisheni kioo juu kabisa. Kama vioo au vitasa ni vya umeme, toeni waya wa kutoa wa betri. Tafuteni skrubu zinazoshika ubao wa ndani wa mlango: nyuma ya mkono wa kufungulia, ndani ya mahali pa kuwekea mkono, na nyingine zimefichwa chini ya vifuniko vidogo vya plastiki. Mkono wa kuzungushia kioo unasumbua watu wengi. Hushikwa na klipu ya waya kwa nyuma. Pitisheni kitambaa chembamba kati ya mkono na ubao, mkivute huku na huku kama mtu anayefuta kiatu, na klipu itaruka. Tandikeni shuka chini, maana ikipotelea kwenye nyasi mtaitafuta mpaka jioni. Baada ya hapo ubao umeshikwa na vishikizo vya plastiki tu kuzunguka pembeni. Ingizeni bisibisi bapa iliyofungwa kitambaa karibu na kila kishikizo na kubinua. Msivute katikati, ubao utavunjika. Kama kuna waya za swichi, zichomoeni kwanza.

Chini ya ubao mtakuta karatasi ya plastiki imegandishwa. Ibandueni polepole, msiichane.

Sasa mtaona fito nyembamba za chuma zinazotoka kwenye kitasa: moja inaenda mkono wa nje, nyingine mkono wa ndani, nyingine tundu la ufunguo, nyingine kile kitufe cha kufungia. Kabla ya kugusa chochote, mtu mmoja achore au apige picha kwa simu. Na tazameni vile vishikizo vya plastiki kwenye ncha za fito. Mara nyingi shida yote ni kimoja kimevunjika na ufito umeanguka, kitasa chenyewe ni kizima. Ikiwa ni hivyo, shukuruni na mnunue kishikizo.

Kama sivyo, zungusheni vishikizo na kuziachia fito. Vaeni glavu au hata soksi kuukuu mikononi, kwa sababu bati la ndani linakata kama wembe. Skrubu zinazoshika kitasa ziko kwenye ukingo wa mlango, kwa kawaida 3, na zimekazwa sana. Tumieni bisibisi ya nyota inayoenea kabisa, mpige kichwa chake kwa nyundo mara mbili tatu, ndipo mzungushe huku mkikandamiza. Bisibisi ndogo itakula kichwa cha skrubu, na hapo mtamtafuta fundi wa kutoboa.

Kitasa kikitoka, nendeni dukani nacho mkononi. Cha kushoto si cha kulia, cha mbele si cha nyuma, na cha umeme si sawa na cha kawaida. Wanaouza spea za mitumba wanazo nyingi, lakini msikubali kuambiwa “hiki kitaingia tu”. Viwekeni viwili kando kwa kando, mhesabu matundu. Ukucha usukumeni kwa bisibisi pale pale dukani mwone kama unashika hatua zote mbili. Tundu la ufunguo kwa magari mengi ni kitu mbali na kitasa, kwa hiyo bakini na lile la zamani ili ufunguo mmoja uendelee kufungua milango yote.

Kurudisha ni kinyume cha kutoa. Anzeni skrubu zote kwa vidole kabla ya kukaza hata moja.

Hapa sasa nawaomba msikilize sana, hata wale wa nyuma. Msifunge mlango! Vijana wakimaliza huwa na hamu ya kuubamiza wasikie sauti. Ikiwa ufito mmoja haukuingia vizuri, mlango utafunga na hautafunguka tena, na kufungua kitasa wakati mlango umejifunga ni kazi ya kumtoa fundi jasho. Mlango ukiwa wazi, sukumeni ukucha kwa bisibisi mpaka useme “ka-ka”. Vuteni mkono wa nje: ukucha uruke wazi. Sukumeni tena, mvute mkono wa ndani. Sukumeni tena, bonyezeni kitufe cha kufungia: mikono isifungue. Kisha ufunguo. Rudieni hata mara 10. Ndipo mufunge mlango taratibu, mtu mmoja akiwa ndani na mwingine nje.

Ile karatasi ya plastiki irudishwe. Watu huitupa wakidhani ni takataka za kiwandani. Maji ya mvua huteremka ndani ya mlango kupitia ukingo wa kioo na kutokea kwenye vitundu vya chini. Bila karatasi, maji yanaingia kwenye viti. Vitundu hivyo navyo vizibueni kwa waya mkiwa hapo, maana vikijaa matope mlango unaoza kutoka ndani.

Kazi hii kwa mara ya kwanza itawachukua nusu siku. Ikiwa mlango uligongwa na umepinda, au umekwama ukiwa umefungwa, mpelekeeni fundi wa bodi. Na kamati isingoje mkutano mkuu wa mwaka kupitisha bei ya kitasa. Mweka hazina awe na ruhusa ya kutoa pesa ndogo za matengenezo ya usalama siku hiyo hiyo, risiti iletwe baadaye.

Maswali nitayajibu nje, penye gari. Aliye na bisibisi ya nyota aje nayo.