Kupanga Vitu Katika Chombo Kidogo

Mazungumzo ya leo ni habari za kupanga vitu katika chombo kidogo cha baharini. Twasema chombo kidogo kwa maana ya mashua na majahazi madogo, kama yale yasafiriyo kati ya Lamu, Pemba, Unguja na Mafia, ambayo hayana sitaha kamili wala vyumba. Ndani yake yapasa waingie watu, maji ya kunywa, kuni, chakula, kamba, tanga la akiba, na tena shehena, ambayo ndiyo iliyowatoa watu majumbani mwao.

Asiyezoea bahari akitazama mashua ikipakiwa hudhani kwamba kazi yote ni kushindilia, hata pasibaki nafasi ya kutia mkono. Nahodha mzoefu huanza kwa kuchagua mahali patakapobaki patupu. Mahali hapo ni banduru, yaani pale chini ambapo maji yaingiayo hukusanyika. Kila chombo cha mbao huingiza maji, hata kikiwa kimetiwa kalfati vizuri, maana mbao hufanya kazi kila wimbi lipitapo. Maji hayo hushuka, hupita katika matundu chini ya mataruma, na kukusanyika banduruni, na hapo baharia huyafua kwa upo au kwa debe lililokatwa. Sasa fikirini mtu ameweka magunia kumi ya chumvi juu ya banduru kwa kuwa aliona pana nafasi nzuri. Upepo ukichafuka usiku, maji yatapanda wala hapana wa kuyafikia. Watahamisha magunia gizani, chombo kikiyumba, na kila gunia walihamishalo litaharibu mizani ya chombo.

Kuna na hatari nyingine iliyo ndogo kwa macho. Gunia la mchele au la kunde likipasuka, punje huenda na maji mpaka kwenye matundu ya mataruma na kuyaziba, nayo maji hubaki mahali yasipofikiwa na upo. Kwa sababu hiyo, kabla ya kupakia, hutandikwa fito juu ya mataruma, kisha majamvi, ndipo shehena ikae. Fito na majamvi hula nafasi ya shubiri moja au zaidi, na wenye mali hunung'unika. Na wanung'unike. Shehena itafika kavu.

Baada ya banduru huja uzito. Kitu kizito na kikae chini, katikati ya chombo, si omoni wala tezini. Chombo kisichokuwa na shehena hutiwa farumi, mchanga au mawe, na shehena nzito ipakiwapo farumi hutolewa, kwa kuwa saruji au chumvi yaweza kufanya kazi ile ile. Mchanga ukitiwa katika magunia ni bora kuliko mawe yaliyoachwa huru, maana mawe huru huporomoka upande wa demani chombo kinapolala, na hapo kinazidi kulala. Makuti, nazi na vikapu vitupu hukaa juu. Kuku waliofungwa miguu na kuwekwa juu ya unga wa abiria ni ugomvi mwingine, wala hatutaki kuuingia leo.

Maji ya kunywa yafaa kugawanywa. Pipa moja kubwa lililojaa nusu huchezacheza na kuvuta chombo huku na huku, tena likipasuka ndiyo mwisho wa maji. Siku hizi madumu ya plastiki yamerahisisha jambo hili, kwani huingia katika pembe ambazo pipa haliingii. Yafungwe kamba, na moja liwe karibu na nahodha. Vitu vitakiwavyo usiku, kama taa, kisu, kiberiti ndani ya kopo lililofungwa, na sindano ya tanga pamoja na uzi wake, viwe katika kasha moja lisilohama mahali pake, ili mkono uvipate pasipo jicho kuona. Kasha hilo hilo ni kiti mchana. Kadhalika tanga la akiba ni godoro, na ule mchanga wa sanduku la jiko, unaozuia moto usiunguze mbao, ndio unaosugua sufuria.

Msidhani kwamba mambo haya ni ya mwambao wetu tu. Mwaka 1916 mabaharia sita walisafiri katika mashua iitwayo James Caird, yenye urefu wa futi 22 na nusu, katika bahari ya kusini iliyo jirani na nchi ya barafu, Antaktika. Meli yao, Endurance, ilikuwa imevunjwa na barafu, na watu 28 wakakimbilia kisiwa kisicho na wenyeji, Elephant Island. Kiongozi wao, Ernest Shackleton, alichagua watu watano waende naye kutafuta msaada katika kisiwa cha South Georgia, umbali wa maili zipatazo 800. Waliondoka tarehe 24 Aprili.

Seremala wao, McNish, aliinua mbavu za mashua, kisha akaifunika kwa turubai juu ya vifuniko vya masanduku na mbao za magari ya kuburutwa barafuni. Walipakia chakula cha mwezi mmoja, majiko mawili ya mafuta, maji galoni 36 katika mapipa mawili, na mifuko ya kulalia ya ngozi yenye manyoya. Kwa farumi walishona mablanketi yakawa mifuko, wakaijaza changarawe, na juu yake wakaongeza mawe makubwa.

Mawe hayo yaliwatesa. Iliwabidi kuyahamisha mara kwa mara ili kuiweka mashua sawa, na ili kuifikia bomba ya kutolea maji. Na bomba yenyewe ilizibwa na manyoya yaliyong'oka katika mifuko ile ya kulalia! Hayo ni yale yale ya kunde zetu. Barafu ilipoganda juu ya mashua na kuitia uzito, walitupa baharini makasia kadhaa na mifuko miwili ya kulalia iliyolowa na kuganda, ijapokuwa baridi ilikuwa kali mno. Tena pipa moja la maji lilikuwa limegonga mwamba siku ya kupakia, na maji yake yakaingia chumvi. Siku za mwisho walikuwa na kiu kubwa. Laiti maji yote yangalikuwa ndani ya pipa lile moja, hatuoni jinsi ambavyo wangalifika.

Walifika South Georgia tarehe 10 Mei, na tarehe 30 Agosti mwaka ule ule wenzao 22 waliobaki kisiwani walichukuliwa wote wakiwa hai. Mashua ya James Caird ingali ipo, imehifadhiwa katika shule ya Dulwich College, London.