Kazi, Elimu na Urithi wa Mabinti Zetu
(Hotuba iliyotolewa katika Jubilei ya Miaka Mia Moja ya Usharika, Babati)



Nimeombwa nizungumzie kazi na mali katika nyumba zetu. Nitaanzia shambani, maana hapa Babati habari nyingi huanzia huko.

Sote tunalijua shamba la mahindi lililochanganywa na mbaazi. Mama hupanda, hupalilia, huvuna na kupepeta. Mbaazi zikiwa za chungu, huitwa za mama. Lori la mnunuzi likisimama barabarani, hugeuka kuwa za baba. Mwaka 2017, India ilipozuia kwa sehemu kubwa uagizaji wa mbaazi na bei ikaanguka, magunia yalirudi ndani, na yalipoingia tu yakawa ya mama tena!

Naona mnacheka. Lakini tazameni pia fedha inakokwenda. Katika utumishi wangu nimeona akina mama wengi wakikopa kwenye VICOBA kwa ajili ya sare na madaftari, na akina baba wengi wakiuza mazao ili kuongeza ng'ombe. Sisemi kwamba wanawake ni malaika na wanaume ni wakosefu. Kila mtu hutumia fedha kwa kadiri ya mzigo aliobebeshwa. Anayeombwa penseli kila asubuhi hununua penseli. Anayeheshimiwa kwa zizi hununua ng'ombe. Tofauti hiyo tumeifundisha wenyewe, na kwa hiyo twaweza kuifundisha upya.

Kanisa letu halina udhuru. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule kwa wavulana na wasichana pia. Hata hivyo, nyumbani kwetu mimi nilipelekwa sekondari, na dada yangu mkubwa akabaki shambani. Sanduku langu la shule na nauli yangu vilitokana na maziwa na mbaazi alizouza yeye.

Baba yetu alipofariki, sisi wana wa kiume tuligawana shamba. Dada hakupewa hata tuta moja. Wakati huo nilikwisha kubarikiwa kuwa mchungaji, nami nilinyamaza. Kunyamaza kwangu kulinipatia ekari mbili.

Miaka mingi baadaye nilikuwa nikiandaa mahubiri juu ya Hesabu 27, habari ya mabinti watano wa Selofehadi waliosimama mbele ya Musa na kudai urithi wa baba yao. Bwana akasema wamenena haki. Mabinti wale hawakuwa na kaka. Dada yangu alikuwa na kaka, tena mchungaji! Kalamu ilinishinda. Nilikwenda kwake, nikamwambia kwamba ekari moja ni yake. Hakunishukuru. Aliniuliza swali moja tu: "Imeandikwa wapi?"

Swali hilo ndilo ninalowaachia leo. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi. Mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika kuchuma mali ya ndoa, ingawa mama huyo mwenyewe hakupata mgawo. Haki ipo katika vitabu; lakini isipoandikwa pia katika wosia na katika hati, dada zetu wataendelea kulima mashamba ya kaka zao.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kila mzee wa nyumba aandike wosia unaowataja mabinti zake. Wanandoa wahesabu mapato ya mavuno pamoja, mezani. Na binti aliyekatiza masomo kwa ujauzito, ambaye tangu Novemba 2021 Serikali imemfungulia mlango wa kurudi shuleni, asiukute mlango wa usharika umefungwa.

Ekari ile sasa imeandikwa kwa jina la dada yangu. Amepanda mbaazi. Nilipomtembelea nilimwuliza atauza lini, akanijibu, "Mchungaji, hilo nitaamua mwenyewe."

Mungu aubariki usharika wetu katika miaka mia mingine. Amina.