Kazi za Nyumba Baina ya Sala na Sala



Hapa Buyenzi wengi wetu huenda sokoni asubuhi na kurejea magharibi. Kazi za nyumba hulimbikizwa hadi Jumapili, kisha hubebeshwa binti, naye husinzia juu ya daftari lake. Hiyo si haki.

Nawasihi tuzigawe kwa nyakati za sala. Baada ya Alfajiri, kila mtu atandike kitanda chake. Baada ya Alasiri, watoto wafagie uani. Baada ya Isha, vyombo vioshwe na mitungi ifunikwe. Dakika 10 zatosha.

Wala mwanamume asione haya. Bibi Aisha amesimulia kuwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwahudumia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali.

Wabillahi taufiki.