Simulizi za Bibi Zetu Zisizikwe

Ndugu wazee, akina mama na vijana wa Kyela,

Desemba 1895 mfanyabiashara wa watumwa, Mlozi, alinyongwa Karonga, ng'ambo ya Mto Songwe, baada ya Waingereza kuliteka boma lake. Mamia ya mateka, wakiwamo wanawake, waliachiwa huru.

Ripoti za maofisa zimehifadhiwa. Yale waliyoyaona akina mama yametegemea midomo ya wajukuu, pande zote mbili za mto, maana Wangonde na Wanyakyusa ni ndugu.

Basi tuwaulize bibi zetu mapema. Tuandike kwa Kinyakyusa, jinsi wanavyosema, tukitaja kila mmoja alisikia kwa nani. Tusitie chumvi. Bibi akifariki kabla hatujamwuliza, ushahidi huo tunauzika pamoja naye.