Pikipiki ya mashindano kwa mfuko mdogo: shilingi ya kwanza iende wapi?

Yafuatayo ni mazungumzo ya mkufunzi wa somo la injini katika chuo cha ufundi, aliyoyatoa kwa vikundi vya vijana na waendeshaji wa bodaboda katika siku ya wazi ya karakana. Yanachapishwa hapa ili yawafikie wakazi wa wadi zote.

 

Vikundi kadhaa vya vijana vimenijia na swali moja. Wamechanga pesa, wamepata pikipiki kuukuu ya tu-stroki, yaani injini ya mipigo miwili, na wanataka kuigeuza iwe ya mashindano. Wanauliza wanunue nini kwanza. Nimekubali kujibu mbele ya watu kwa sababu mashindano tayari yapo, na yanafanyika jioni kwenye lami, kati ya matatu na watoto wanaotoka dukani. Kijana anayependa kasi atatafuta kasi. Afadhali aitafute katika uwanja, juu ya chombo ambacho hakitamtupa.

Tuanze na chombo chenyewe. Bodaboda nyingi za leo ni za mipigo minne, kwa hivyo vijana wengi hapa hawajawahi kufungua tu-stroki. Zilizobaki ziko vijijini, nyuma ya maghala na chini ya miembe: Yamaha AG 100, ile iliyotengenezwa kwa ajili ya kazi za shambani, Yamaha DT 125, Suzuki AX 100. Wazee watazikumbuka kwa maafisa wa kilimo na wa mifugo. Usiicheke AG 100 kwa sababu ya keria zake mbili na mlio wake kama nyuki ndani ya debe. Ndani yake kuna injini ambayo kijana mwenye subira anaweza kuielewa yote kwa siku moja.

Haina valvu kichwani wala kemishafti. Vinavyozunguka na kupanda na kushuka ni kranki, fimbo ya pistoni na pistoni. Silinda ina milango ubavuni, na pistoni yenyewe huifungua na kuifunga inapopita. Mafuta na hewa huingia kwanza chini, kwenye sanduku la kranki, yakabanwa hapo, kisha yakapanda juu kupitia milango ya pembeni. Plagi hupiga moto kila kranki inapozunguka mara moja, wakati ile ya mipigo minne hupiga kila mizunguko miwili. Ndiyo maana kijiinjini cha sentimita za ujazo 100 kinaweza kumshangaza mtu.

Mtaniambia kwamba wazungu wana pesa za kufanyia haya. Nitawapa mfano wa mtu ambaye hakuwa nazo. Katika miaka ya 1950, huko Ujerumani Mashariki, kulikuwa na kiwanda cha MZ katika mji wa Zschopau, na mhandisi wake wa mashindano aliitwa Walter Kaaden. Idara yake ilikuwa ndogo na vifaa vilikuwa haba. Kaaden alikaa na swali moja miaka mingi: moshi unapotoka kwenye silinda, wimbi lake la shinikizo linakwenda wapi na linarudi lini? Kufikia 1961 injini yake ya 125 isiyosukumiwa hewa na mashine nyingine yoyote ilikuwa inatoa nguvu za farasi 25, yaani kiwango cha nguvu 200 kwa lita moja, jambo lililokuwa halijafikiwa na injini ya namna hiyo. Mwaka huohuo mwendeshaji wake, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akaenda Suzuki na ujuzi ule kichwani. Mwaka 1962 Suzuki ikachukua ubingwa wa dunia wa pikipiki za 50, mwendeshaji akiwa Degner huyohuyo. Kilichovuka mpaka pamoja naye kilikuwa ni kujua jinsi ya kukunja bati na kupangilia milango.

Siri yenyewe imo katika salensa. Ya tu-stroki ya mashindano huanza nyembamba, ikatanuka kama tarumbeta, kisha ikajikunja tena kuwa koni ya kinyume, halafu ikamalizika kwa kibomba chembamba. Koni inayotanuka hurudisha wimbi linalovuta, nalo husaidia kuunyonya moshi na kuleta mchanganyiko mpya. Koni inayobana hurudisha wimbi linalosukuma. Likifika mlangoni kabla pistoni haijaufunga, huyarudisha ndani mafuta mabichi yaliyokuwa yanatorokea nje. Likichelewa, mafuta yameshapotea. Likiwahi mno, linaingilia moshi unaotoka.

Hesabu yake ni ya darasa la nane. Pima kwa duara la nyuzi lililofungwa kwenye kranki mlango wa moshi unakaa wazi kwa nyuzi ngapi. Tuseme ni 180. Wimbi ndani ya moshi wa moto husafiri takriban mita 500 kwa sekunde. Zidisha 180 kwa 500, upate 90,000. Kisha chukua kasi ya injini unayoitaka, tuseme mizunguko 9,000 kwa dakika, uizidishe kwa 12, upate 108,000. Gawa. Jibu ni mita 0.83, yaani sentimita 83 kutoka kwenye pistoni hadi katikati ya ile koni inayobana. Ukitaka nguvu ije kwa mizunguko 8,000, urefu unakuwa karibu sentimita 94. Kwa 10,000 ni 75. Fundi wetu wa jua kali anayetengeneza majiko na masanduku ya wanafunzi anaweza kukunja koni hizo kwa bati la chuma. Kata kadibodi kwanza, ikae sawa chini ya tangi na mbali na mguu wa mwendeshaji, ndipo ukate bati. Kibomba cha mwisho kisizibwe kwa kutaka mlio mtamu. Kipenyo chake kiwe kama asilimia 60 ya bomba la mwanzo: la mwanzo likiwa milimita 36, la mwisho liwe 21 au 22. Ukikifanya chembamba zaidi, joto hurudi ndani na kuyeyusha pistoni.

Sasa, nimewaona mmetabasamu, na najua mnachofikiria. Mnataka kutoka hapa moja kwa moja hadi kwa welda. Subirini. Salensa ni shilingi ya tatu au ya nne. Shilingi ya kwanza inakwenda mahali ambapo hakuna mtu atakayeiona: kwenye sili mbili za kranki.

Nimesema kwamba mafuta na hewa hubanwa chini, ndani ya sanduku la kranki. Kwa hiyo sanduku hilo ni sehemu ya kupumua ya injini. Sili ya upande wa klachi ikichoka, injini hunyonya oili ya gia na kutoa moshi mweupe usioisha. Huo ni ugonjwa unaoonekana. Ya upande wa sumaku ikichoka, hakuna dalili ya macho. Injini inanyonya hewa tupu na mchanganyiko unakosa petroli ya kutosha. Kwa muda fulani pikipiki hata inakimbia vizuri zaidi, na kijana anafurahi. Kisha pistoni inapata joto, inavimba, inagandia silinda. Gurudumu la nyuma linasimama ghafla huku pikipiki ikiwa katika kasi yake yote. Mzazi uliyekaa hapo, hilo ndilo linalomwangusha mtoto wako, na linatokana na kipande cha mpira kinachoingia mfukoni.

Kupima ni rahisi. Ziba mlango wa moshi kwa mpira na kipande cha bati. Ziba pia mlango wa kabureta, ukiacha tundu la bomba dogo. Ule mtambo wa kupima presha ya damu uliotupwa kwa sababu kitambaa chake kimechanika unafaa kabisa: una kipulizio na saa yake. Pulizia hadi 250 na usubiri dakika tano. Mkono ukibaki palepale, endelea na kazi. Ukishuka, paka povu la sabuni kwenye kila gasketi na kila sili mpaka uone linapochemka. Hakuna kikundi kinachotoa injini katika karakana yangu kabla ya kipimo hiki, hata wakinuna.

Mkishaziba mianya, badilisheni beringi za kranki na ringi za pistoni, na silinda ipigwe upya ikiwa imekwaruzika. Bei sitazitaja, kwa sababu bei ya Kirinyaga Road asubuhi si ya jioni. Mkienda kununua, bebeni sili kuukuu mkononi na msome namba zake. Msimwambie muuzaji "ya pikipiki ndogo".

Jambo la oili linaleta ubishi kila mara. Nyingi ya pikipiki hizi zilikuwa na pampu ndogo ya kuchanganya oili na petroli. Kama pampu imeng'olewa, na nyingi zimeng'olewa, lazima uchanganye mwenyewe kwenye mtungi. Kwa injini ya mashindano naanza na mililita 40 za oili ya tu-stroki kwa kila lita ya petroli. Tumia kipimo cha dawa ya watoto. Kifuniko cha chupa si kipimo. Na tafadhali, oili ya mipigo minne iliyobaki dukani isiingie humo.

Kabureta inahitaji subira kuliko pesa. Anza na jeti kubwa, injini ikohoe kwa wingi wa petroli, kisha shuka hatua moja moja ukiangalia rangi ya plagi. Kahawia kama chai ya maziwa ni salama. Nyeupe ni hatari, zima injini. Sisi wa huku juu tuna jambo jingine la kukumbuka. Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko ni nyepesi karibu asilimia 20 kuliko ya Mombasa. Pikipiki iliyowekwa sawa kwa hewa ya Eldoret ikipelekwa Pwani bila kubadilishwa jeti inakutana na hewa nzito, petroli inakuwa haitoshi, na tunarudi palepale kwa pistoni inayoganda. Anayesafiri kwenda kushindana abebe jeti zake kubwa kwenye kikopo.

Breki nazo zije kabla ya salensa. Viatu vipya vya breki, waya mpya, na ngoma za magurudumu zisiwe na mfereji. Halafu ondoa keria, taa, vioo na stendi, uzito upungue bure. Badilisha sproketi ya mbele kwa jino moja kabla ya kumgusa mtu wa kusaga silinda; mara nyingi pikipiki haikukosa nguvu, ilikosa gia inayofaa uwanja. Kuhusu kupandisha mlango wa moshi kwa tupa, nitasema kidogo tu: chuma kilichotolewa hakirudi, na urefu wa salensa uliokwisha kupiga hesabu unabadilika nao.

Kijana mmoja ameandika kwenye karatasi: "Mwalimu, nikishamaliza naijaribia wapi?" Si barabarani. Pikipiki isiyo na taa wala vioo haifai kuwa barabarani hata kwa mwendo wa kinyonga, na uendeshaji wa hatari ni kosa chini ya Sheria ya Trafiki, Sura ya 403. Ibebeni kwa pikapu. Kelele pia zina kanuni zake za tangu 2009, kwa hivyo fungeni kizima-sauti mwishoni na zungumzeni na majirani wa uwanja mapema. Mashindano halali ya pikipiki nchini yako chini ya Shirikisho la Michezo ya Magari la Kenya, KMSF. Mkianza, andikeni kikundi chenu rasmi, kisha mwende kule mkiwa na jina, katiba na akaunti. Helmeti iliyowahi kuanguka na mtu isitumike tena, hata ikipakwa rangi.

Mmoja aliniuliza pembeni kama asiyekuwa na pikipiki anaweza kuja. Aje. Injini ikifunguliwa inahitaji mtu wa kupima, mtu wa kuandika vipimo daftarini, na mtu wa kushika tochi, na mara nyingi yule wa daftari ndiye anayegundua kosa. Wasichana wa darasa la umeme tayari wanatusaidia kuweka wakati wa moto wa plagi, na mkono wao haukimbilii nyundo.

Karakana iko wazi kila Jumatano kuanzia saa nane mchana. Leteni injini ikiwa imeoshwa matope, sili kuukuu msizitupe, na kama kuna aliye na mtambo wa presha uliokufa kitambaa, aje nao. Huu wetu saa yake imeanza kukwama kwenye 180.