Mamadou Anamfunika Bahuma

Tarehe 2 Januari imefika tena, na simu za wasikilizaji wetu wa Beni, Butembo na Lubero ni zilezile: nani hasa alimuua Kanali Mamadou Ndala? Gari lake lilipigwa roketi karibu na Beni mwaka 2014, akafa pamoja na walinzi wake. Novemba mwaka huohuo mahakama ya kijeshi ikamhukumu kifo Luteni Kanali Birocho Nzanzu kwa kushirikiana na waasi wa ADF. Mitaani wengi hawakuridhika. Ubishi huo naupenda mno, sifichi. Lakini leo nauliza jingine: Jenerali Lucien Bahuma tumempeleka wapi? Ndiye aliyeliongoza jeshi la Kivu Kaskazini waasi wa M23 waliposhindwa Novemba 2013. Ndiye aliyeanzisha operesheni ya Sokola 1 dhidi ya ADF mwezi uleule aliouawa Mamadou, hadi kambi yao ya Madina ikatwaliwa. Agosti 2014 akafia Afrika Kusini. Oktoba, mauaji ya raia wa Beni yakaanza.

Msikilizaji wa Mulekera anasema: Mamadou aliuawa, Bahuma aliugua, basi. Ni kweli, ila nusu. Hilo linaeleza kwa nini habari moja ilivuma, halielezi kwa nini nyingine imefifia hata kwa walioishi nayo. Mwaka 1994 Michael Anderson, Robert Bjork na Elizabeth Bjork waliwafundisha watu orodha za maneno, tuseme ya matunda, kisha wakawataka wakumbuke tena nusu tu ya baadhi ya orodha hizo. Nusu iliyoachwa ilisahaulika kuliko orodha ambazo hazikurudiwa kabisa. Sikilizeni vizuri: kuliko zisizoguswa! Chungwa likitajwa sana, ndizi inazama, kwa sababu zote zinaitikia wito mmoja. Na wito wetu ni mmoja: shujaa wa Beni ni nani?

Mtanijibu kwamba hayo ni ya maabara, mtu na karatasi yake. Ila mwaka 2007 Cuc, Koppel na Hirst walionyesha kwamba hata anayesikiliza tu, bila kufungua mdomo, husahau vivyo hivyo. Yaani redio, jamani! Simpunguzii Mamadou heshima. Julai 2013 watu wa Goma waliandamana kupinga kuondolewa kwake mstari wa mbele dhidi ya M23. Lakini kila Januari nikimtaja yeye peke yake, Bahuma anazama zaidi kuliko kama ningenyamaza. Kwa hiyo Agosti kipindi kitaanzia Madina, na atakayepiga simu kuuliza habari za Birocho, angoje zamu yake.